Wageni wa Kudi Chin na wenye ardhi yake

Watu wa kwetu wanaofika Bangkok wengi huenda kwa shughuli: nguo za jumla Pratunam, vito Silom, au matibabu. Anayebakiwa na siku ya kutembea hupelekwa Kasri Kuu, huvushwa hadi hekalu la Wat Arun, kisha humalizia Iconsiam, jengo kubwa la maduka lililofunguliwa Novemba 2018 ukingoni mwa mto Chao Phraya. Kati ya Wat Arun na Iconsiam, ukingo huohuo wa magharibi, boti za watalii huupita mtaa ambao wengi wa abiria hawaujui hata jina. Ni Kudi Chin, katika wilaya ya Thonburi. Ukiwa majini utaona kuba la kanisa likichomoza juu ya mapaa ya mabati na nyumba za mbao, basi.

Miaka ya karibuni mtaa huu umeanza kutajwatajwa, na kila unapotajwa huzuka mabishano yaleyale tunayoyajua kutoka Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wapo wanaosema wageni waje, kwa sababu mtaa wa kale usio na kipato huchakaa na vijana wake huhamia kwenye maghorofa ya pembezoni. Wapo wanaosema utulivu ndio uhai wa mtaa wenyewe, na kwamba nyuma ya mgeni wa kwanza mwenye kamera huja mwenye mkahawa, na nyuma ya mwenye mkahawa huja mwenye hoteli. Pande zote mbili zina ukweli wake. Ila naona zote zinamkodolea macho mgeni na kumsahau mwenye ardhi, na kwa Kudi Chin huko ni kusahau nusu ya habari.

Mtaa huu ulizaliwa na vita. Mwaka 1767 majeshi ya Burma yaliuteketeza Ayutthaya, mji mkuu wa Siam (Thailand ya leo) uliokuwa umedumu zaidi ya miaka 400. Jemadari Taksin aliwakusanya walionusurika, akawafukuza Waburma, akaweka makao mapya Thonburi, karibu na mdomo wa mfereji wa Bangkok Yai. Waliomfuata hawakuwa Wathai peke yao. Walikuwamo Wachina wa Hokkien, Waislamu ambao familia zao ziliishi Ayutthaya vizazi na vizazi, na Wakatoliki wenye asili ya Kireno. Hao wa mwisho walikuwa wamepigana upande wake, na mwaka 1769 Taksin akawapa kiwanja kando ya mto. Wakajenga kanisa la mbao, wakaliita Santa Cruz, yaani Msalaba Mtakatifu. Lililopo leo, lenye kuba la mtindo wa Kiitalia, ni la tatu kwenye kiwanja hicho. Lilikamilika mwaka 1916.

Msomaji wa Mombasa anawajua Wareno hawa. Ni dola ileile iliyoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kutimuliwa na Waomani mwaka 1698. Siam hawakuitawala kamwe. Walifika Ayutthaya mwaka 1511 wakiwa wajumbe, kisha wakaja wafanyabiashara na askari wa kukodiwa, wakaoa, watoto wao wakasema Kithai, wakazikwa huko. Kwetu ukimtafuta Mreno utaonyeshwa kuta na mizinga. Kudi Chin utaonyeshwa jirani.

Mwaka 1782 Taksin aling'olewa madarakani, na mfalme mpya, Rama I, akahamishia makao ya ufalme ukingo wa mashariki, pale lilipo Kasri Kuu hadi leo. Fedha, ofisi na barabara vikahamia huko. Thonburi ikabaki ng'ambo, na ilikuwa mkoa wa peke yake hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipounganishwa na Bangkok. Daraja la Ukumbusho, ambalo magari hupita juu yake hatua chache tu kutoka mtaani, lilifunguliwa mwaka 1932. Kwa hiyo utulivu tunaousifu leo hakuna aliyeupanga. Ulitokana na kuachwa kando, na wanaotaka kuulinda hawana budi kukumbuka kwamba kuachwa kando kulikuwa na gharama yake kwa walioachwa.

Kilichobaki hapo ni utajiri wa ajabu kwa eneo dogo kiasi hicho. Kusini ni Wat Prayun, hekalu lililojengwa mwaka 1828 na Dit Bunnag, waziri mkubwa wa zama zake, ambaye ukoo wake uliasisiwa na Mwislamu kutoka Uajemi. Mnara wake mweupe uliokuwa umeanza kuinama ulikarabatiwa kwa ustadi, na mwaka 2013 UNESCO ikautunuku tuzo ya juu ya uhifadhi katika Asia na Pasifiki. Ukitoka hapo unapita kanisani, kisha hekalu dogo la Kichina la Kuan An Keng lenye nakshi za mbao zilizofifia, na kaskazini unafika Wat Kalayanamit, hekalu la mwaka 1825. Humo mna sanamu ya Buddha aliyeketi, kimo chake zaidi ya mita 15, ambayo Wachina huiita Sam Po Kong, jina linalohusishwa na amiri Zheng He. Ni huyohuyo ambaye misafara yake ilifika pwani yetu, na ambaye zama zake Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Historia ya Bahari ya Hindi ni moja kuliko tunavyofundishana.

Ukivuka mfereji wa Bangkok Yai unakuta jengo ambalo nadhani ndilo litakalomshangaza zaidi Mswahili: msikiti wa Bang Luang. Ulijengwa katika zama za Rama I, na kwa umbo ni kama hekalu la Kithai: kuta nyeupe, paa la ngazi, nakshi za maua kwenye pembetatu ya mbele. Hauna kuba wala mnara. Nguzo zake ni 30, idadi ya juzuu za Qur'ani. Madirisha 12 na mlango mmoja hufanya 13, idadi ya nguzo za swala. Waliowajengea Waislamu hawa nyumba yao ya ibada walitumia mikono na macho ya nchi waliyoishi, kama mafundi wa misikiti yetu ya kale ya Pwani walivyotumia matumbawe na boriti bila kungoja ruhusa ya mtu wa Makka au Istanbul. Msikiti huu haujulikani kama unavyostahili hata miongoni mwa Waislamu wanaosafiri, na hapo ndipo hoja ya wanaotaka wageni waje inaponigusa moja kwa moja. Kitu kizuri namna hii kubaki hakijulikani nacho ni hasara.

Hoja yao ya pili ni ya mkate wa kila siku, na mfano wake unaoonekana zaidi ni keki. Familia chache za Kudi Chin bado huoka khanom farang, keki ndogo iliyotoka kwa wazee wa Kireno: unga, mayai ya bata na sukari, hakuna hamira wala baking pauda. Yai hupigwa mpaka liumuke lenyewe, kisha keki huokwa katikati ya mkaa wa chini na mkaa wa juu. Anayepika mikate ya kumimina au maandazi ya kufunikiwa makaa ataijua kazi hiyo bila kuelezwa. Juu hupambwa kwa zabibu kavu na matunda yaliyokolezwa sukari, mkono wa Mchina juu ya mapishi ya Mreno. Kazi ni ngumu, joto ni kali, na faida ya keki moja ni ndogo. Kijana wa mtaa mwenye digrii haoni kwa nini aachie ofisi yenye kiyoyozi akapulize mkaa. Mgeni anayevuka mto na kununua pakiti tatu ni sababu mojawapo ya tanuri kuwashwa tena kesho. Vivyo hivyo makumbusho madogo ya mtaa, yaliyofunguliwa na mwenyeji katika nyumba ya mbao ya ghorofa tatu: chini kuna mkahawa, na wanywaji ndio wanaosaidia mlango kubaki wazi.

Kuna faida nyingine isiyohesabika kwa baht, fedha ya Thailand. Kwa zaidi ya muongo mmoja wapangaji wa miji, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, wamefanya kazi na jumuiya sita za eneo hili, za Kibudha, Kikatoliki na Kiislamu, kuchora ramani ya mambo wanayoyathamini na wanayoyataka. Moja ya matunda ya kazi hiyo ni bustani ya juu ya mto iliyofunguliwa Juni 2020 kwenye mabaki ya reli ya angani iliyoachwa bila kumalizika, gofu la zege lililokaa zaidi ya miaka 30 likiitwa daraja lililokatika. Ina urefu wa mita 280, na mtu wa kawaida wa Thonburi hupata hapo hewa ya mto jioni bila kulipa chochote. Mtaa unaozungumzwa hupata mambo kama hayo. Mtaa usiozungumzwa hupata gofu.

Sasa upande wa pili, nao nauheshimu, maana si wa watu wenye roho mbaya kwa wageni.

Vichochoro vya Kudi Chin ni vyembamba, sehemu nyingine watu wawili hupishana kwa ubavu. Mlango wa nyumba hufunguka moja kwa moja kwenye njia, na ndani kuna babu amelala mbele ya feni, mtoto anafanya kazi za shule, mama anakosha vyombo. Kwa wenyeji wa Mji Mkongwe hali hii haihitaji maelezo: njia ni ua wa wote. Ndiyo maana kwetu kuna hodi, na kuna kuinamisha macho unapopita mlango ulio wazi. Mgeni wa siku hizi amefundishwa kinyume chake. Amefundishwa kutafuta lile lisilopangwa, uso wa mzee usiojua kwamba unapigwa picha, nguo za ndani kwenye kamba zenye rangi nzuri. Akipita mmoja haumizi mtu. Wakipita mia moja kila Jumamosi, babu atafunga mlango na kuwasha feni gizani, na hapo kilichowaleta watu kitakuwa kimeondolewa na wao wenyewe.

Ibada nazo ziko hatarini kugeuzwa maonyesho. Ijumaa Kuu waumini wa Santa Cruz hushusha sanamu ya Yesu kutoka msalabani kwa taratibu waliyoirithi. Hufanya hivyo kwa machozi ya kweli. Sioni nafasi ya mtu mwenye kijiti cha kamera katikati ya machozi hayo.

Mfano wa jirani hauko mbali. Talat Noi, upande wa mashariki wa mto, ulikuwa mtaa wa Wachina wa kazi: vipuri, injini za kale, vyuma vilivyorundikwa mpaka mlangoni. Ukapata sifa. Michoro ya ukutani ikaja, mikahawa ikaja, foleni za kupigwa picha zikaja. Mafundi wa vyuma bado wapo, lakini vichochoro vingi sasa vina biashara mbili zinazogombea pumzi ileile, na anayeuza kahawa anaweza kulipa kodi ambayo anayeuza gia kuukuu hawezi. Hakuna aliyemfukuza fundi. Hesabu tu ndiyo inayomsogeza.

Tena kuna hatari ya kutegemea. Mwaka 2019 Thailand ilipokea karibu wageni milioni 40. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa korona, idadi ikaporomoka hadi chini ya milioni 7. Nungwi na Malindi walionja uchungu uleule. Mtaa uliogeuza kila sebule kuwa duka la wageni hauna la kushika siku hiyo inapofika.

Kwa hoja hizi peke yake ningeona mizani inakaribia kulingana. Kinachoniondoa hapo katikati ni swali ambalo watu wa utalii hawapendi kulichimba: ardhi ya Kudi Chin ni ya nani?

Sehemu kubwa ni ya nyumba za ibada. Wakazi wanaozunguka Santa Cruz wanamiliki nyumba zao za mbao, lakini wamepanga ardhi ya kanisa. Wanaozunguka mahekalu wamepanga ardhi ya mahekalu, na kwa sheria ya Thailand ardhi ya hekalu la Kibudha haihamishiki kwa mtu mwingine isipokuwa kwa sheria maalumu ya Bunge. Msomaji anayejua wakfu amekwisha kuelewa. Mwekezaji hawezi kuja na mkoba, akanunua nyumba tatu za jirani, akazivunja na kuinua hoteli yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Ng'ambo na ukishuka na mto, kwenye ardhi ya watu binafsi, hoteli na maghorofa ya kifahari yamejipanga ukingoni moja baada ya jingine. Hapa kati hayakupita. Wanaodhani Kudi Chin umehifadhiwa kwa sababu watalii hawajaugundua wamekosea sababu. Boti zao zimepita mbele yake miaka mingi. Uliwazuia wanunuzi.

Ningependa kuishia hapo na kusema basi, ardhi ya ibada ndiyo kinga, watu waje watakavyo. Lakini kinga hiyo ina makali pande mbili, na Wat Kalayanamit ni ushahidi. Hekalu hilo limeandikishwa kuwa urithi wa kale wa taifa. Hata hivyo tangu mwaka 2003 majengo yake kadhaa ya zamani yalibomolewa, na Idara ya Sanaa ya serikali ikalalamika kwamba haikutoa kibali. Uongozi wa hekalu ulijitetea kuwa majengo yalikuwa yamechakaa. Kesi zikafika mahakamani. Wakati huohuo wakazi waliopanga ardhi ya hekalu kwa vizazi wakatakiwa kuhama, na nyumba zao zikaondolewa. Hakuna mtalii aliyehusika. Hakuna hoteli. Mwenye ardhi aliamua, na mpangaji, awe ameishi hapo miaka mitano au vizazi vitano, hakuwa na karatasi ya kumpinga.

Nasisitiza hili kwa sababu tumezoea kusimulia kifo cha mitaa ya kale kwa namna moja tu: mgeni tajiri huja, mwenyeji maskini huondoka. Shela, kule Lamu, simulizi hilo lina ukweli mwingi. Lakini lina upofu wake. Bangkok penyewe, jumuiya iliyojulikana sana kuvunjwa katika miaka hii ilikuwa ya ngome ya Mahakan, ukingo wa mashariki, watu walioishi kwenye nyumba za mbao nyuma ya ukuta wa kale wa mji. Waliondolewa na mamlaka ya jiji ili papatikane bustani. Walipambana kwa karibu miaka 25, wasomi wakawaunga mkono, wanafunzi wa usanifu wakachora nyumba zao, wageni wakaja kuona. Aprili 2018 waliobaki wakatoka na nyumba za mwisho zikabomolewa. Leo pana nyasi zilizokatwa vizuri. Kujulikana hakukuwaokoa.

Hapa mtetezi wa wageni anaweza kunikatiza na kusema nimeficha mfano unaonipinga. Siufichi. Serikali ya kijeshi iliyoingia mwaka 2014 ilikuja na mpango wa kujenga njia ya zege pembeni mwa Chao Phraya pande zote mbili, juu ya nguzo zilizozamishwa mtoni. Awamu ya kwanza ilikuwa kilomita 14 kwa jumla ya kingo zote mbili, kutoka daraja la Rama VII hadi daraja la Pinklao, kwa gharama ya baht bilioni 14 hivi. Awamu hiyo ingeishia kaskazini ya Kudi Chin, lakini mpango mzima ulilenga kushuka zaidi na mto. Wasanifu, wanaharakati na wakazi wa kingo walipinga, na Februari 2020 Mahakama ya Utawala ikaamuru kazi isimamishwe. Upinzani ule ulipata nguvu kwa sababu watu wengi, wenyeji na wageni, walikuwa wameuona mto na mitaa yake kwa macho na kuipenda. Mtu hatetei asichokijua. Kwa hiyo macho mengi yanasaidia, ila yanasaidia pale penye mahakama iliyo tayari kusikiliza na sheria ya kushikilia. Mahakan macho yalikuwepo, karatasi haikuwepo.

Zanzibar inatufundisha kona nyingine ya jambo hili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na nyingine zilibaki mikononi mwa Kamisheni ya Wakfu. Wapangaji walilipa kodi ndogo ambayo haikutosha hata kuziba paa. Nyumba hazikuuzwa, lakini chokaa ilidondoka, boriti zikaoza. Zilizoingia mikononi mwa watu binafsi zikageuka hoteli na zikapona kwa macho, huku watu wake wakihamia Ng'ambo na mbali zaidi. Na Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 lililokuwa fahari ya serikali, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ardhi isiyouzwa bila fedha ya matengenezo ni kusubiri ajali. Wanaotaka mitaa ya kale iachwe kimya kabisa hawana jibu kwa boriti inayooza. Wat Prayun walipata jibu kwa sababu mwenye mali alitaka kukarabati, akawa na wataalamu na waumini wa kuchangia. Nyumba ya mbao ya mpangaji wa kawaida haina tuzo ya UNESCO inayoingojea. Ina keki na kahawa, na anayezinunua.

Basi nasimama wapi? Nasimama upande wa kwenda, na ninasema hivyo bila kusitasita: Kudi Chin utembelewe. Wakazi wake wengi wenye biashara wanataka wateja, majengo yake yanahitaji fedha, na ule mchanganyiko wa msikiti, kanisa na mahekalu yaliyokaa pamoja kwa miaka 250 bila ukuta kati yao ni jambo ambalo watu wa Afrika Mashariki, wenye miji kama hiyo na hofu kama hizo, wanastahili kuliona. Ila aina ya kwenda ninayoitetea ni ndogo. Ni kuvuka kwa kivuko cha baht chache kutoka upande wa soko la maua, kutembea kwa miguu, kukaa na kula mtaani badala ya kupiga picha na kurudi kwenye boti. Ni kuingia msikitini baada ya kuomba ruhusa, nje ya saa za swala, na kama wewe ni Mwislamu, kuswali nao, jambo ambalo halitahitaji tafsiri. Makundi ya basi zima yenye kipaza sauti hayafai vichochoro hivi, na jumuiya zikiamua kuyakataa zina haki kamili hata kama kuna atakayepoteza mauzo ya siku hiyo.

Najua udhaifu wa msimamo huu. Nani atahakikisha kwenda kunabaki kudogo? Mgeni mwenye adabu huandika sifa, sifa humleta asiye na adabu. Jibu langu, na silidai kuwa kamili, ni kwamba Kudi Chin ina watu wenye uwezo wa kusema hapana: paroko, imamu, mtawa mkuu, na jumuiya zilizozoea kukutana. Mamlaka hayo ni halisi kuliko kibao chochote cha "tafadhali nyamaza". Talat Noi hawakuwa nayo. Kila mwenye nyumba aliamua peke yake, kwa hesabu yake. Lakini mamlaka hayohayo, bila uangalizi, ndiyo yaliyobomoa majengo ya Wat Kalayanamit. Kwa hiyo ningependa kila mkutano wa utalii wa mtaa huu uanze na ajenda ya pango: wakazi wana mkataba wa miaka mingapi, unarithishwa vipi, na nani anaweza kuuvunja. Mgeni anayeupenda mtaa anaweza kuuliza maswali hayo pia. Ni ya adabu kuliko kuuliza wifi.

Jambo hili lina saa yake. Kituo cha reli ya chini ya ardhi cha Itsaraphap kilifunguliwa mwaka 2019, na tayari kimeisogeza Thonburi karibu na katikati ya jiji. Sasa njia ya Zambarau inaongezwa kuelekea kusini, na itakuwa na kituo cha Saphan Phut, jirani na daraja la Ukumbusho na Wat Prayun, yaani mlangoni mwa mtaa. Kuachwa kando kulikodumu tangu 1782 kutakwisha. Ardhi ya ibada itaendelea kutouzwa, lakini ardhi ya kukodisha karibu na kituo cha treni huleta kodi ambayo keki za mkaa hazijawahi kuleta, na hata mwenye mali mwema hupata wakati mgumu kuikataa hasa paa la kanisa au la shule linapovuja.

Iwapo mikataba ya wakazi itakuwa mirefu na ya kurithishwa kabla treni haijafika, nitaendelea kuwashauri watu wavuke mto. Iwapo itafupishwa kuwa ya mwaka mmoja mmoja, nitabadili msimamo na kuwaambia wabaki ng'ambo, kwa sababu kila pakiti ya keki watakayonunua itakuwa inathibitisha kwa mwenye ardhi kwamba pale pana soko. Wa kuulizwa ni baraza la parokia, kamati ya msikiti na uongozi wa mahekalu, na wakati wa kuwauliza ni sasa, mafundi wa reli wakiwa bado wanachimba.